Stoo ya Hatua Sita kwa Nne

Mwezi uliopita nilienda Sindo kumzika Nyar Karungu. Waliponiita mbele niseme machache kwa niaba ya wafanyabiashara wenzake, nilisimama nikasema. Nilisema marehemu alikuwa mchapa kazi, mwaminifu, mcha Mungu, mtu ambaye hakugusa biashara siku ya Sabato hata mara moja katika miaka yote niliyomjua. Watu wakaitikia, mchungaji akatikisa kichwa kukubali, na binti yake mkubwa akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aunty, mama alikuwa anakutaja sana," aliniambia. "Alisema wewe ndiye ulimfungua macho kwa hii biashara." Nilirudi kwenye kiti changu nikajifunika uso kwa leso, na mama aliyeketi kando yangu akanipapasa mgongo akidhani nalia. Sikuwa nalia hata kidogo. Nilikuwa naona aibu, na aibu yenyewe si ya jana wala juzi.

Leo nina stoo tatu mjini Migori. Vijana wanaotaka kuanza biashara ya nafaka au samaki huletwa kwangu na wazazi wao niwaambie wakodi stoo ya ukubwa gani, na mimi huwaambia, tena kwa maringo. Nawauliza: unaweka nini, gunia lake likoje, yanaweza kulaliana mangapi kabla ya la chini kuharibika, mzigo utakaa muda gani kabla ya kutoka, utapitia wapi ukitaka kugeuza ya nyuma, na siku mzigo ukija mwingi kuliko ulivyotarajia utauweka wapi. Wananiona mjuzi. Wananiandika kwenye vitabu vyao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilijifunzia wapi, na hapo namshukuru Mungu, kwa sababu ada ya masomo hayo ililipwa na mtu mwingine, na mtu huyo tumemfukia juzijuzi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha watu watano. Nilikuwa nimefanya kazi ya ukarani kwa miaka miwili katika stoo ya mahindi hapo Migori, na kama kuna kitu nilikijua ni gunia la mahindi. Ungenionyesha chumba kitupu, ningekipima kwa hatua, nikatazama mabati juu, nikakwambia kitameza magunia mangapi, na nisikose kwa zaidi ya matano. Tajiri wangu alikuwa akileta wageni niwafanyie kioja hicho, wanashangaa, wanapiga makofi. Ukisifiwa hivyo ungali mdogo unaanza kuamini kwamba kichwani mwako mna kitu ambacho wengine hawana. Basi nikaacha kazi, nikabeba akiba yangu, nikaenda Homa Bay. Nilitaka kununua omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, nikawauze Migori, maana nilikuwa nimewaona wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka wakija kuwatafuta sokoni na kurudi mikono mitupu.

Homa Bay nilipanga chumba mtaa wa Shauri Yako, ukuta wa mabati ukinitenga na Nyar Karungu. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka, kwa hivyo yeye alibaki msichana wa Karungu hadi kaburini, na mimi, ingawa sikuwa nimeolewa na mtu yeyote, akaniita Nyar Suna, kwa jina la kwetu, tangu siku ya kwanza. Alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi. Watoto wake wawili walikuwa wakisoma kwa dada yake kule Rangwe. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, meza yenye kitambaa alichokifuma mwenyewe, kalenda ya kanisa, na jiko la makaa mlangoni ambalo sikumbuki kuliona limepoa. Hakuniruhusu nile peke yangu. Jua likianza kulegea aligonga mabati kwa kijiko, nami nikaenda na sahani yangu. Tulikula ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mgumu wa kushikika, na omena aliyoikaanga kwa nyanya kisha akaimwagia maziwa kidogo mwishoni. Sijawahi kuipata tena omena ya namna hiyo, na nimejaribu. Nikimaliza aliniongeza bila kuniuliza. "Kula, mwanangu. Hesabu haikai kwa tumbo tupu," alikuwa akisema, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwambia habari za hesabu zangu. Nilimwambia kila mtu.

Mabati hayafichi maneno. Alasiri moja alitembelewa na mwanamke wa kanisani kwao, nami nilikuwa kitandani upande wangu, nikasikia kila kitu. Ili uelewe walichokuwa wakisema, lazima ujue kwamba omena huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi na boti zinavutwa ufukoni. Kwa hiyo katika kila mwezi kuna siku za giza ambapo omena inamwagwa ufukoni kwa marundo, wenye boti wanakubembeleza ununue, na yeyote mwenye pesa yake anapata. Halafu zinakuja siku za mbalamwezi, na ile kidogo inayopatikana inakwenda kwa mwanamke mwenye mtu wake kwenye boti. Kila mwanamke wa ufukoni alijua kuwa na mtu wako kwenye boti maana yake nini, na kwamba mtu huyo halipwi kwa pesa peke yake. Pale Sindo, upande aliokuwa akinunua Nyar Karungu, mtu huyo aliitwa Ogal. Alikuwa na boti tatu na wake wawili.

"Amesema mwezi huu nihamie kwake niwe wa tatu, kama sitaki nitafute omena kwingine," nilimsikia Nyar Karungu akisema.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimemwambia nafikiria. Lakini mimi sitaki, dada. Nilizika bwana mmoja, akatosha. Kama ningepata mahali pa kuweka mzigo wa giza moja, niuuze polepole mpaka giza lingine, Ogal ningekuwa namwona kwa salamu peke yake. Ni stoo tu nakosa. Stoo tu."

Kwa hiyo usiniambie sikujua. Nilijua kabla hajaniambia mwenyewe, na aliponiambia wiki ile ile, ugali ukiwa katikati yetu, hakupunguza neno. Aliomba tuungane: kila mmoja anunue mzigo wake, kodi ya stoo tugawane, na kuchagua stoo niongoze mimi, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi stoo. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya miaka mingi, na ilikuwa ya kujaribu mara moja.

Tulikwenda kwa Mzee Okeyo, aliyekuwa na duka la misumari na mabati karibu na barabara ya Rangwe. Nyuma ya duka alikuwa na stoo mbili tupu zinazotazamana. Ndogo niliipima: hatua sita kwa nne. Kubwa ilikuwa kumi na mbili kwa saba, zamani iliwekwa pamba, na kodi yake ilikuwa zaidi ya mara mbili. Nyar Karungu alisimama katikati ya ile kubwa akageuka polepole, akatazama matundu ya hewa juu ya ukuta, akagusa sakafu kwa kiganja kuona kama ina unyevu.

"Hii ndiyo yetu," akasema. "Ile ingine ni kidogo. Ile ni ya mahindi."

Nikacheka. Namkumbuka akinitazama nikicheka. "Mama, gunia la omena halifiki hata nusu ya uzito wa gunia la mahindi. Kitu chepesi tunapandisha juu zaidi. Mbona tulipie upepo?"

"Omena haitaki kulaliwa, mwanangu. Ukilalia sana, ile ya chini inakuwa unga. Na inataka kupumua. Lazima mtu apite katikati aguse, asikie kama imeshika joto."

Alikuwa ananipa somo lote, bure, kwa sentensi tatu. Ningekuwa na akili ningefunga mdomo. Badala yake niligeuza ndoo, nikakaa, nikatoa karatasi na kalamu, nikamwandikia. Chini magunia kumi na tano, juu mara nane, hayo ni mia moja na ishirini. Sisi tungekuwa na sitini na manne, thelathini na mawili kila mmoja. "Nusu ya stoo inabaki wazi," nilimwambia. "Ukitaka unaweza kuweka kitanda." Alipokea ile karatasi akaishika kwa ncha za vidole asiichafue. Hakuwa amesoma. Aliitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Karatasi imesema itatosha?"

"Imesema."

"Basi sawa. Wewe ndiye umeenda shule."

Mzee Okeyo, ambaye alikuwa mlangoni muda wote huo akijikuna kidevu kwa funguo, alituambia, "Hiyo kubwa haina mtu bado. Mkijaa mniambie tu. Hata siku mbili tatu mkae ndani bure, hakuna neno." Nikamshukuru kwa adabu, moyoni nikimwona mzee asiyejua biashara.

Giza lile tulikaa Sindo siku tisa, tukilala kwa binamu yake. Kulipokucha tulishuka ufukoni na makarai, tukanunua, tukatandaza omena kwenye neti juu ya mchanga, tukaigeuza, tukaianua. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa furaha namna ile. Ogal alipita asubuhi moja, shati jeupe, redio mkononi, akasimama karibu na neti zetu. "Nyar Karungu, siku hizi hunioni?" Yeye hakuinuka. "Nakuona, jaduong', si nakusalimia," akamjibu, kwa heshima yote anayopewa mzee, na akaendelea kugeuza omena yake. Alipoondoka tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukajaza magunia. Gunia la omena halifungwi likifika mdomoni. Linaongezwa kipande cha neti juu, linajazwa tena, na nundu ile inaitwa kichwa. Mnunuzi huangalia kichwa kwanza. Cha Nyar Karungu kilikuwa kizuri kuliko vyote, kimeviringika, kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Mimi nilishona kwa uzi mwekundu, ili tukifika stoo kila mtu ajue chake.

Lori lilifika Homa Bay Ijumaa, saa tisa alasiri. Tulikuwa sisi wawili na Odongo, mwanamume wa mkokoteni aliyekuwa akibeba mizigo pale kwa Okeyo. Gunia la kwanza tu lilipolazwa sakafuni nilijua. Sijawahi kumwambia mtu hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nililiona limelala pale, pana, limevimba, limechukua nafasi ya gunia moja na nusu la mahindi. Chini hayakuingia kumi na tano, yaliingia kumi. Tulipofika safu ya nne nikasikia omena ya chini ikivunjika, kama mtu anayekanyaga majani makavu. "Basi," Nyar Karungu alisema. "Usiongeze juu." Yalikuwa yameingia magunia arobaini, na mlango ukafungwa kwa kusukumwa na bega. Ishirini na manne yalibaki kwenye varanda, ya kijani na mekundu yamechanganyika. Tuliyafunika kwa turubai. Hakunilaumu. Aliangalia jua, akanawa mikono kwenye ndoo, akashusha mikono ya blauzi yake.

"Nyar Suna, Sabato inaingia, mimi siwezi tena. Hii yenye imebaki, yangu na yako, panga vile utaona. Mwambie Mzee Okeyo atufungulie ile kubwa."

"Nitamwambia," nilisema.

Sikumwambia. Jumamosi asubuhi nilipita mlangoni kwa Okeyo mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na mteja. Mara ya pili hakuwa na mtu, alikuwa anakunywa chai na andazi, na akaniuliza mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo: "Zimetoshea, Nyar Suna?" Ile stoo kubwa ilikuwa nyuma yangu, kufuli limening'inia, funguo ziko kidoleni mwake. Neno moja tu lilitakiwa. Nikamjibu, "Zimetosha, mzee. Hizo za nje zinaondoka leo." Mara ya tatu alinipungia mkono tu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na kila nikijiuliza natamani jibu lingekuwa kubwa kuliko lilivyo. Sikutaka mzee anione nimekosea. Basi. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo mbele yake nikiandika hesabu kama mwalimu, na sikutaka aje aone magunia yangu yamekaa nje.

Adhuhuri mawingu yalianza kupanda upande wa Kisii. Mtu wa Homa Bay akiona mawingu ya upande huo hahitaji kuuliza. Nilimwita Odongo, nikafungua stoo, na nikafanya kile ambacho mpaka leo nikikikumbuka barabarani natembea haraka zaidi. Nilimwambia aingize magunia yangu yaliyokuwa nje, na kwa kila moja lililoingia atoe moja la uzi wa kijani. Alibeba mawili, akasimama.

"Madam, hii ya kijani ilikuwa imeshaingia. Mbona tena tunatoa?"

"Inaondoka leo. Beba."

"Na mvua?"

"Odongo, beba."

Aliangalia mbingu, akaniangalia mimi, akabeba. Tulipomaliza, yote ishirini na manne kwenye varanda yalikuwa ya kijani, na yangu yote thelathini na mawili yalikuwa ndani, na mengine manane ya kwake ambayo hatukuyafikia kwa sababu yalikuwa chini kabisa. Nisikudanganye kwamba niliyaacha manane yale kwa huruma. Nilijiambia turubai ni zima. Nilijiambia mvua huenda ikapita ikanyesha Rangwe. Nilijiambia yeye ni mtu mzima, ana uzoefu, anajua kuanika upya. Kutoka pale nilisikia kwaya ya kanisa lao, na sauti yake ilikuwa mle ndani.

Mvua haikupita. Upepo uliingia chini ya turubai ukaliinua kama shuka, nami nikashika pembe moja, kisha nyingine, na maji yakaingia kwa upande niliokuwa nimeuachia. Odongo alikuwa amekwisha kwenda zake. Nilisimama pale nikilowa, nikalia sana, na majirani waliojikinga kwenye vibaraza vya maduka wakaniona nikipigania mali ya mwenzangu. Ndivyo walivyosema baadaye. Ndivyo walivyomwambia.

Alikuja saa kumi, mvua ikiwa imepungua, amevaa nguo zake za kanisani, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni. Alisimama kwenye ngazi ya varanda akatazama gunia moja baada ya jingine.

"Zote ni kijani," alisema.

"Zako zilishuka mwisho kwenye lori, mama."

Alifikiri. "Mimi niliona nyekundu hapa jana."

"Jana jua lilikuwa linaingia. Tulikuwa na haraka."

"Labda." Alinyoosha mkono kama anataka kugusa gunia lililokuwa karibu, kisha akaurudisha. Sabato ilikuwa bado haijatoka. "Leo siwezi kugusa kitu. Wacha ikae hivyo. Mungu anaona." Halafu akaona nguo zangu. "Na wewe umelowa hivi, utaugua. Enda ubadilishe."

Omena iliyolowa baada ya kukauka haina subira. Kuanzia Jumapili tuliianika kwenye uwanja nyuma ya duka, na kila alasiri mvua ikarudi. Siku ya tatu ilikuwa na joto ndani, siku ya nne ina funza. Nilifanya kazi kuliko yeye. Niliamka mapema kuliko yeye, nikabeba, nikageuza, mikono yangu ikanuka uozo hata kwenye misa, na kila mara alinishukuru kwa Kiluo na kwa Kiswahili, kana kwamba lugha moja haitoshi. Ile iliyobaki ilichukuliwa na mtu wa lishe ya kuku kwa bei ya kutupa. Mzee Okeyo alikuja akasimama juu ya neti zetu akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini sikumwambia, na nikamwambia nilimtafuta nikamkosa. Akatazama kufuli la ile stoo kubwa, akarudi dukani.

Kisha mbalamwezi ikaja, omena ikaadimika, na mzigo wangu ukauzika Migori kwa bei nzuri kuliko nilivyoota. Nilimpa Nyar Karungu magunia mawili ya uzi mwekundu. Mawili. Nilimpelekea siku ambayo wanawake wa kanisa lao walikuwa chumbani kwake, na sidhani ilikuwa kwa bahati mbaya. Aliwaomba wote wasimame, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea. Aliomba Mungu aniongezee stoo. Alitaja neno hilo hilo. Mimi nilifumba macho, nikasema amina pamoja na wengine, na nikaondoka kabla ya chai.

Niliporudi kutoka Migori safari iliyofuata, chumba chake kilikuwa na mpangaji mwingine. Niliambiwa amehamia Sindo. Nilimaliza mwezi mzima nikinunua kwa wengine ili nisiende huko, lakini giza lilipokuja omena nzuri ilikuwa Sindo, nikaenda. Nilimkuta uani kwa Ogal, nyumba ya tatu kutoka langoni, mpya, udongo wa ukuta haujakauka vizuri. Alikuwa anawapikia wavuvi wa boti. Alifurahi kuniona kama mama anavyofurahi. Aliniketisha, akanipakulia, akaniongeza bila kuniuliza. Nje wavuvi walikuwa wakila na kuzungumza, na mmoja alisema kwa Kiluo kwamba mzee hatimaye amempata yule wa Karungu mwenye maringo, na wenzake wakacheka. Yeye alikuwa amesikia, kwa sababu alikuwa karibu na mlango kuliko mimi. Alichukua bakuli, akawapelekea mboga, akarudi.

"Sasa mimi ndiye wa kwanza kuchukua omena, hata mbalamwezi," aliniambia, akiketi. Hakusema kama ni vizuri au ni vibaya. Alikuwa amekonda. Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu, akateremsha sauti kama mtu anayeuliza jambo la aibu.

"Nyar Suna, kuna kitu nataka kuuliza, na usinicheke. Ile karatasi yako ilisema itatosha. Nimefikiria sana. Karatasi haiwezi kudanganya. Ni mimi, sivyo? Ni vile nilijaza sana ile kichwa. Ningejaza kidogo, yote ingeingia."

Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu wa kutusikia, wavuvi walikuwa wameinuka. Hakuna aliyenishikia kisu. Nilikuwa na ugali wake mkononi, na yeye alikuwa akinisubiri kwa utulivu, tayari kabisa kujifunza.

"Ndiyo, mama," nilimwambia. "Ulijaza sana."

Akatikisa kichwa polepole, akasema asante kwa kumwambia ukweli.

Tangu siku hiyo hakuweka kichwa tena. Miaka karibu thelathini aliyouza omena pale ufukoni, magunia yake yaliishia mdomoni, bapa, yakiwa yameshonwa kwa uzi wa kijani, katikati ya magunia ya wanawake wengine yenye nundu juu. Wanawake waliniambia hayo mazishini kwa kicheko cha upendo: walimsihi mara ngapi, na yeye akawajibu kwamba Nyar Suna, mtu aliyesoma, alimwonyesha kwa hesabu kwamba kichwa ndicho kinacholeta hasara. Wanunuzi walimpa bei ya chini kuliko wenzake, kwa sababu gunia halikujaa. Nami nilikuwa nikinunua kwake mara moja moja, kwa ajili ya urafiki, na kila mara nilikata bei kama wengine.